Mjadala: Gemu ikiwa bado beta, mchezaji ana haki ya kudai vitu vipya?

Mleta mada, Umoja

Wadau, hamjambo. Nina kibanda cha michezo hapa Umoja, Nairobi: skrini nne, viti sita, na feni inayozunguka siku ikipenda. Kwa miezi mitatu sasa vijana wangu wanajaribu gemu moja ya vita ya mtandaoni ambayo bado iko beta, yaani toleo la majaribio kabla gemu haijakamilika. Jina sitalitaja. Siku ya kwanza walilakiwa na picha kubwa yenye ramani ya pili, vikosi vya watu watano watano na mashindano ya kila wiki. Wakangoja. Apdeti ya kwanza ikarekebisha milango iliyokuwa haifunguki. Ya pili ikaleta kofia za kununua. Ya tatu kofia tena, na mabawa. Ramani ya pili hatujaiona.

Jumamosi iliyopita ugomvi ukazuka, nusura niwatoe wote nje. Nusu wanasema hii ni beta, kazi yetu ni kutafuta kasoro na kuziripoti, vitu vipya vitakuja gemu ikikamilika. Nusu wanasema aliyetuonyesha ramani ndiye aliyetuita, basi ailete. Nikaona niwaletee nyinyi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema, nisije nikaambiwa nachochea halafu najificha. Sidai kila kitu. Ila siku lile duka la kofia lilipofunguliwa likaanza kumeza pesa za kweli, beta ilikwisha siku hiyo hiyo, hata kama neno lenyewe bado limebandikwa kwenye kona ya skrini. Huwezi kuniuzia chapati, nikikuambia ni mbichi unijibu kwamba ulikuwa unajaribu unga.

Na asitokee mtu wa kuniambia kujaribu ni bure. Apdeti inakula bando, skrini zinakula token za stima, na kijana anayengoja apdeti ishuke anakalia kiti ambacho hakiniingizii hata shilingi kumi.

Mpimaji programu, Kilimani

Mkubwa, heshima yako, ila kwenye chapati nadhani umeteleza. Mimi riziki yangu ni kupima programu. Si za gemu, ni za biashara, lakini utaratibu ni mmoja. Wakati wa kuongeza vitu ni alfa. Beta huja vitu karibu vyote vikiwa vimeshapikwa, na kinachotafutwa ni kasoro, seva (kompyuta kuu zinazoendesha gemu) zinazolemewa, bunduki inayoua kuliko inavyopaswa. Kila kipya unachochomeka wakati huo huja na kasoro zake, na mara nyingi huvunja kilichokuwa kizima. Ndiyo maana timu yenye nidhamu hufunga orodha na kukataa hata wazo zuri.

Kuna jambo jingine. Mchezaji akifunguliwa beta hudhani ameona nyumba nzima, kumbe ameonyeshwa sebule. Beta ya Diablo III ilikuwa kipande cha mwanzo cha sura ya kwanza, na mhusika wako hakupita kiwango cha 13. Mengine yalifichwa makusudi. Gemu ilipotoka Mei 2012, kilichoaibisha hakikuwa yale yaliyofichwa. Ulikuwa mlango wa kuingilia: seva zikalemewa, watu wakabaki wakitazama kosa namba 37. Inawezekana ramani yenu ya pili iko tayari, imefungiwa tu.

Na mfano ninaoupenda kuliko yote ni World of Warcraft, kabla haijatoka 2004. Katika majaribio waliweka kanuni kwamba ukicheza sana bila kupumzika, pointi za uzoefu zinashuka hadi nusu. Wachezaji wakawaka moto. Unajua watengenezaji walifanya nini? Walibadilisha majina. Kiwango kilichokuwa cha kawaida kikaitwa bonasi ya aliyepumzika, asilimia 200. Kile cha adhabu kikaitwa kawaida, asilimia 100. Hesabu ile ile kabisa. Kelele zikazimika. Siwacheki wachezaji, walikuwa wameumia kweli. Lakini mgonjwa anajua panapouma, dawa si lazima aichague yeye.

Mwanafunzi, Kasarani

Bradha wa Kilimani anaongea akiwa kwenye faiba na jenereta ya jengo 😂

Hebu niambie hili ni kasoro au ni kitu kipya. Niko kwenye mechi, tumebaki watu wanane, stima inapotea. Ruta inazima. Nawasha data ya simu, nasambaza, narudi ndani ya dakika mbili hivi. Gemu imeshanitoa, imenihesabia kushindwa, na imenifungia nusu saa kwa "kutoroka mechi". Nikaripoti. Jibu likaja kwa lugha tamu: asante, tumeliweka kwenye maombi ya vipengele vipya. Yaani mlango usiofunguka ni kasoro, lakini stima kupotea ni ombi la anasa.

Wanaoamua kipi ni kasoro wanaishi mahali ambapo stima haipotei. Kwao mtu akikatika katikati ya mechi ni mtoro. Kwa hivyo wewe unayesema tukae na kasoro zetu tuache kudai vipya, kwanza niambie nani alichora huo mstari.

Halafu pingi, yaani muda wa ishara kwenda kwenye seva na kurudi. Seva tuliyopangiwa iko Frankfurt. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 6,000. Mwanga ndani ya waya wa kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo hata waya ungenyooshwa kama rula, kwenda na kurudi ni milisekunde 60 na ushee. Na haujanyooka. Unashuka Mombasa, unaingia baharini, unazunguka. Mimi napata 170 usiku ukiwa mtulivu. Gemu inayochora picha 60 kwa sekunde, hizo ni picha kumi: adui ameshanipiga, ameshajificha nyuma ya ukuta, mimi bado namwona amesimama wima. Nyaya za baharini zilipokatika Mei 2024 hata hiyo 170 ilikuwa ndoto. Na Amazon ina vituo vya seva Cape Town tangu 2020, Microsoft ina vyake Johannesburg tangu 2019. Johannesburg ni karibu kilomita 3,000 tu. Wakisema haiwezekani, wanamaanisha hatuko wengi wa kutosha.

Mhasibu, South B

Naomba nirudi kwenye pesa, maana ndipo mleta mada alipoanzia na mmeshamkimbia.

Kaka wa Umoja, sikubaliani nawe kwamba pesa zikiingia beta imekufa. Tazama Minecraft. Ilianza kuuzwa ikiwa mbichi kabisa. Waliokuwa wameinunua kabla ya Desemba 20, 2010, wakati wa alfa, walilipa bei ya chini na wakaahidiwa matoleo yote ya baadaye bila kuongeza senti. Toleo kamili likaja Novemba 18, 2011. Zaidi ya mwaka watu walinunua kitu kisichokamilika, na hawakuhesabu kwamba wametapeliwa, kwa sababu masharti yalikuwa wazi: unalipa kidogo, unapata kibichi, tukikiivisha ni chako.

Sasa ilinganishe na ile gemu ya mpira. Konami ilitoa eFootball Septemba 30, 2021, ikiwa na namba 0.9.0. Bure. Nyuso za wachezaji zikawa vichekesho dunia nzima, kesho yake kampuni ikaomba radhi. Toleo la 1.0 lilikuwa lije Novemba, likasukumwa hadi Aprili 2022. Lakini hapa ndipo ninapotaka muangalie: kulikuwa na kifurushi ambacho watu walikuwa wameshakilipia mapema. Toleo lilipoahirishwa, maagizo yale yalifutwa na pesa zikarudishwa. Gemu ilikuwa mbovu, hesabu ilikuwa safi.

Kwa hiyo swali langu kwa watu wa kofia na mabawa ni dogo. Akaunti zikifutwa beta ikiisha, kofia inabaki? Pesa inarudi? Imeandikwa wapi? Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, na haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidi alichonunua. Hakijasema "isipokuwa ikiwa beta". Najua kumshtaki mtu aliye nje ya nchi kwa kofia ya shilingi mia tatu ni kichekesho, msinijibu hivyo. Nasema tujue tunachodai. Ramani ya pili unaweza kuingoja. Masharti ya pesa yako hayangoji.

Mama wa watoto wawili, Donholm

Mimi si mchezaji, nimefuata huu mjadala kwa sababu mwanangu wa miaka 12 yumo kwenye beta kama hiyo. Nyinyi mnadai viongezwe. Mimi nadai kimoja kisiongezwe bila kuulizwa: mazungumzo ya sauti. Yalikuja kwa apdeti, yakiwa yamewashwa tayari, na usiku ule nikasikia mtu mzima akimtukana mtoto wangu sebuleni kwangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto. Niliulizwa nini? Kisanduku cha "nina zaidi ya miaka 13", na yeye akakibonyeza mwenyewe.

Mleta mada, Umoja

Mama Donholm, pole sana. Hilo kibandani kwangu nimelizima kwa mkono, kila skrini, na kila apdeti inaliwasha tena. Nilidhani ni kero ndogo. Sikuwa nimeliwazia hivyo.

Mpimaji programu, Kilimani

Mwanafunzi wa Kasarani, jenereta ya jengo ni kweli, nimekamatwa. Na kwenye stima nakupa pointi yako bila ubishi. Mtu akikatika akarudi, kumpa nafasi yake si anasa. Kitaalamu tungeiita hali ambayo hawakuipima, na beta ipo kwa ajili ya hali kama hizo. Aliyeiweka kwenye droo ya maombi alikosea droo.

Ila seva usiiweke kapu moja. Kurudishwa kwenye mechi ni wiki chache za kazi. Seva ni bili ya kila mwezi, na wachezaji wakigawanywa, wa kwetu saa tisa usiku watangoja mechi mpaka wasinzie. Ungeipata Johannesburg ukakosa wa kucheza naye.

Dada wa South B anataka kila kitu kiandikwe. Kwenye pesa, sawa. Kwenye vitu vipya naogopa. Gemu ya No Man's Sky ilitoka Agosti 2016, kila neno lililotajwa kwenye mahojiano likiwa limegeuka ahadi kichwani mwa mtu. Kucheza pamoja kwa maana iliyotarajiwa kulifika Julai 2018. Kwa yale matangazo, mamlaka ya matangazo ya Uingereza ilichunguza na kuona hayakupotosha, lakini hasira hazikusoma ripoti. Tangu hapo kila mtengenezaji anajua ahadi ni deni, na njia rahisi ya kutodaiwa ni kufunga mdomo. Mkilazimisha orodha ya yanayokuja, mtapata kimya.

Mhasibu, South B

Basi waandike yasiyokuja. "Ramani ya pili haitakuwemo kwenye beta." Sentensi moja. Hakuna deni hapo.

Mwanafunzi, Kasarani

Hiyo ningeisaini. Nilikesha usiku mbili nikingoja hiyo ramani.

Mpimaji programu, Kilimani

Mimi pia. Sijui kwa nini haifanyiki zaidi. Nadhani idara ya mauzo huogopa kuondoa picha ukutani.

Mleta mada, Umoja

Nimerudi baada ya kufunga. Nimewasomea vijana karibu yote haya, wale wa ramani wakanuna, halafu mmoja akasema kitu: yeye hata ramani haitaki sana, anachotaka ni kujua kama aendelee kungoja. Kwa chapati nakubali kurekebishwa na dada: kosa si kuuza unga, ni kuuita chapati.

Tumekubaliana hapa kutuma ripoti mbili tu, na zote tuziite kasoro, hata wakizihamishia droo gani. Ya kwanza ni sauti inayojiwasha baada ya apdeti. Ya pili ni stima. Lakini Kilimani kaniambia pembeni kwamba ripoti bila vipimo haisomwi. Kwa hiyo Jumamosi saa nne asubuhi, kabla wateja hawajajaa, tunaingia mechi kumi na kila moja tunazima swichi kuu katikati. Sekunde 30, 60, 90, 120, tunaona gemu inatuvumilia hadi wapi kabla ya kututoa. Tunaandika kila namba na kupiga picha skrini. Kila atakayetolewa atafungiwa nusu saa, hivyo nahitaji akaunti nyingi. Kasarani, wewe njoo na zako, na ukae karibu na swichi. Chai iko.