Kiwanja cha ufukweni Jambiani, Unguja: ukuta, mivinje au nyasi?

Mwana_Jambiani: Assalamu alaykum. Nyumba imekwisha, imebaki sehemu ya mbele inayotazama bahari. Fundi anataka ukuta wa mawe na saruji, kaka yangu anasema nipande mivinje, mke wangu anataka nyasi na maua. Pesa zinatosha jambo moja tu. Nifanye lipi?

Bi_Chwaka: Waalaykum salaam. Hukusema kama ni mchanga au jabali. Kutoka barazani mpaka pale maji ya bamvua yanapofika ni hatua ngapi? Na maji ya kumwagilia utayatoa wapi?

Nahodha_Mkoani: Panda mikoko. Huku kwetu Pemba ndiyo inayotulinda.

Bi_Chwaka: Nahodha, mikoko inataka tope na maji yaliyotulia. Hapa Chwaka inastawi, Jambiani ni ufukwe wa wazi, wimbi litaing'oa ingali michanga.

Wa_Bwejuu: Ndugu yangu, usikimbilie ukuta. Mimi nilijenga wangu mwaka 2017, kimo cha kifua. Kaskazi yote ulikaa vizuri. Kusi lilipoanza, kila bamvua wimbi lilikuwa linagonga ukuta na kurudi na mchanga. Asubuhi nikitoka naona mawe ya msingi yaliyokuwa yamefukiwa, kwanza safu moja, kisha mbili, mpaka mkono wangu ukapita chini yake. Mwezi wa nane ukapasuka katikati. Lakini kinachoniuma ni jirani yangu, ambaye hakujenga kitu. Pale ukuta wangu ulipokoma, bahari ililima upande wake mpaka minazi miwili ikalala. Ilipandwa na marehemu baba yake. Mpaka leo nikipita mlangoni kwake naona haya.

Nahodha_Mkoani: Msingi haukushuka mpaka jabali, ndiyo maana.

Wa_Bwejuu: Hata ungeshuka, mchanga wa mbele ungeondoka vilevile. Ningebaki na ukuta bila ufukwe.

Shamba_Pwani: Mivinje inakua haraka, inavunja upepo, na baadaye unapata miti ya kujengea. Mimi ninayo safu nzima.

Bi_Chwaka: Na chini yake kumeota nini? Majani yake yakishatandika, hapaoti kitu, na mchanga ukiliwa mizizi inabaki nje, mti unaanguka. Kama ni mivinje, iwe nyuma. Mbele acha mlakasa utambae, ndio unaoshika mchanga na hauogopi chumvi. Nyuma yake mikadi, halafu mtondoo au mkungu wa kivuli.

Mwana_Jambiani: Shukran. Ni mchanga, hatua kama ishirini. Mlakasa ulikuwepo, fundi aliufyeka ili pawe safi. Kisima kipo, maji yana uchumvi kidogo. Karo la maji machafu liko mbele, karibu na pale nyasi zitakapokaa.

Bi_Chwaka: Karo mbele! Hilo ungelisema mwanzo. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, inapitisha maji kama chujio. Kinachotoka karoni, na mbolea utakayomwaga kwenye nyasi, vyote vinateremkia baharini, na hapo ndipo mama zetu walipopigilia vigingi vya mwani. Kile kijani kinachoteleza kinachozonga kamba kinapenda maji ya namna hiyo. Nimelima mwani, najua ninachosema. Na nyasi zinataka maji kila siku, ukikivuta sana kisima chumvi inapanda, utakosa hata ya kuoshea vyombo. Hamisha karo kwanza. Na usimwage saruji yoyote mbele kabla ya kwenda ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar.

Shamba_Pwani: Kwani mwani bado una bei?

Bi_Chwaka: Bei iwe iwavyo, watoto wanasomeshwa kwa huo.

Mwana_Jambiani: Kuhamisha karo ndiyo pesa yote ya bustani. Mke wangu amekubali mikadi, ila fundi anakuja Jumamosi na mawe yameshashushwa.

Ukhti_Makunduchi: Samahani kuingilia. Wa mikadi, nani ana mti unaochanua sasa? Tuna harusi, natafuta kadi (maua ya mkadi) za kutungia vikuba.

Wa_Bwejuu: Ninayo miwili, njoo asubuhi. Mwana_Jambiani, na wewe nitakukatia machipukizi. Mawe hayo yatumie kwa karo jipya, nyuma ya nyumba.