Majina ya miji kwenye gemu za mkakati: Kiingereza, ya wenyeji, au yabadilike na mtawala?

RamaniKwanza
Wakuu habari za jioni. Nataka tuongee jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko grafiki, majina ya miji. Kwa tunaocheza Civilization (kwa kifupi Civ), Europa Universalis IV (nitaandika EU4 tu), Crusader Kings na ndugu zake, naona njia tatu: miji yote kwa Kiingereza, miji kwa majina ya wenyeji, au jina linabadilika kufuatana na nani kaushika mji. Tulinganishe, kila mtu aseme anatumia ipi na kwa nini.

Naanza mimi. Kiingereza kitupu sikipendi, na sababu kubwa ni kwamba hakina msimamo. Chukua Roma ya Civ V, mji mkuu umeandikwa Rome, Kiingereza hicho, halafu miji inayofuata ni Antium, Cumae, Neapolis, Mediolanum, majina ya enzi za Warumi wenyewe. Kama Milan imerudishiwa jina lake la kale, Roma imekosa nini? Nenda Misri ya gemu hiyohiyo, kiongozi ni Ramesses wa Pili, kafariki mwaka 1213 kabla ya Kristo, ila miji yake inaitwa Thebes, Memphis, Heliopolis, majina yaliyopitia kwa Wagiriki, na Alexandria nayo imo, mji ulioanzishwa mwaka 331 kabla ya Kristo, karibu miaka mia tisa farao yuko kaburini. Waset na Men-nefer, majina ya Kimisri ya Thebes na Memphis, hazionekani popote.

EU4 ndiyo inanikosha. Waosmani wakiuchukua Constantinople jina linageuka la kwao, unaangalia ramani tu unajua dunia imebadilika. Hiyo njia ya tatu ndiyo ninayoitumia na nitaitetea hapa.

mwas_wa_thika
Mimi ni Kiingereza, na naongea kama mtu anayecheza na watu sio peke yake. Sisi hucheza EU4 wikendi usiku, kila mtu na maiki yake, na vita ikishika moto hakuna dakika ya kuulizana mji gani ni upi. Nikisema leta jeshi Munich wote wanaelewa, lakini ramani ikiandika München mmoja anasema munchen, mwingine muncheni, wa tatu bado anautafuta na kikosi kimeshaisha. Tena ukitaka kutafuta provinsi kwa kuandika jina, lazima ujue leo inaitwaje, na kama jana ilishikwa na Mfaransa na leo na Muhispania basi unatafuta kitu kimebadilishiwa jina nyuma yako. Uzuri wa historia nauelewa kabisa, ila gemu ya wengi inataka jina moja ambalo halihami.

bint_mkunazini
Assalaam alaykum. Kabla hamjafika mbali, hiyo njia ya pili ya "majina ya wenyeji" mimi nina swali nayo, mwenyeji nani na anasema akiwa wapi? Zanzibar imo Civ V na Civ VI kama dola-mji, Civ VI ukiwa mlezi wake unapata mdalasini na karafuu, vizuri, nafurahi kila nikiiona. Lakini sie wenyewe mtu akiwa Pemba anataka kuvuka hasemi nakwenda Zanzibar, anasema nakwenda Unguja, na akiwa shamba anakuja huku anasema nakwenda mjini. Zanzibar ni jina la nchi nzima na ndilo walilotujulia wageni tangu zamani, na sie tunalitumia pia wala hatulioni la kigeni. Kwa hiyo mtengeneza gemu akija na nia njema akafuta Zanzibar akaweka Unguja, kapatia kisiwa, mji kaukosea. Haya mambo yanataka mtu wa pale aulizwe, kamusi haitoshi.

msomakale
Bint kasema kweli tupu na ushahidi uko Misri palepale. Civ VI walijaribu kurekebisha lile la Civ V, mji mkuu wa Cleopatra wakauandika Râ-Kedet, jina la Kimisri la mahali ilipojengwa Alexandria. Watu wakashangilia, wenyeji wamepewa haki yao. Sasa fikiria, Cleopatra ni wa ukoo wa akina Ptolemaio, asili yao Makedonia, lugha ya ikulu ni Kigiriki, na Plutarch ameandika kwamba wafalme waliomtangulia hawakujihangaisha hata kujifunza Kimisri, yeye ndiye aliyekijua. Huyo mama mji wake aliuita Alexandria. Mkulima wa Delta ndiye angesema Râ-Kedet. Wote wawili ni wenyeji! Kwa Ramesses jina la Kimisri ni sahihi moja kwa moja, kwa Cleopatra inategemea unamsikiliza nani.

Na Ulaya Mashariki ndo usiseme. Lviv ya leo ya Ukraine, Austria ilivyouchukua 1772 ukawa Lemberg, kati ya vita kuu mbili ni Lwów ya Poland, Wasovieti Lvov, na mpaka Vita Kuu ya Pili ndani ya mji mmoja walikuwamo Wapolandi, Wayahudi na Waukraine. Ukiniambia niweke jina la wenyeji nitakuuliza mtaa upi. Ndiyo maana namuunga mkono RamaniKwanza, jina la anayetawala angalau ni kitu kinachopimika, bendera ya nani inapepea. Crusader Kings III inafanya hivi vizuri, ukianza mwaka 867 York ni Jorvik, kwa sababu Wadenmaki waliuteka 866, hakuna ubishi hapo.

Ila RamaniKwanza, kwa Constantinople tuwe makini. Wengi wanadhani 1453 ulipotekwa tu ukawa Istanbul. Waosmani waliendelea na Kostantiniyye kwenye sarafu na nyaraka kwa karne nyingi, Istanbul watu walikuwa wanaitamka, lakini serikali ya Uturuki ilikuja kuisimamia rasmi 1930. Kwa hiyo hata jina la mtawala linaweza kuwa mawili, la mdomoni na la karatasini.

lushois243
Jambo bandugu, niko Lubumbashi. Mimi nacheza sana Hearts of Iron IV, inaanza 1936, na Kongo wakati ule ni ya Mbelgiji, basi miji yetu ni Léopoldville, Stanleyville, Élisabethville. Kuna kijana hapa kwetu alitaka modi (faili za mchezaji za kubadilisha gemu) ya kuondoa yote na kuweka Kinshasa, Kisangani, Lubumbashi toka siku ya kwanza. Mimi nilikataa. Mwaka 1936 yale majina ndiyo yalikuwa kwenye stesheni na kwenye bahasha, Élisabethville jina la malkia wa Ubelgiji, na wazee wetu wa migodini waliishi chini yake. Ukiyafuta unamficha aliyekuwa ameketi pale. Lakini nchi ikijitawala ndani ya gemu, hapo sasa majina YAANGUKE yote, kama ilivyofanyika kweli 1966. Hiyo ndiyo raha ya jina kubadilika, unapigana, unashinda, mji unakuwa wako na unaitwa kwa mdomo wako.

Na Civ VI niwashukuru kwa kitu kimoja, Kongo ya mfalme Mvemba a Nzinga mji mkuu wake umeandikwa Mbanza Kongo, hawakuweka São Salvador ya Mreno.

kapteni_kilindini
Lushois umenigusa kweli, nakwambia hilo ndilo la pwani yetu pia. EU4 inaanza 1444, Kilwa unaweza kuicheza, Mombasa ipo, Malindi ipo, karne moja kabla msafiri Ibn Battuta kapita 1331 na kuisifu Kilwa, halafu 1498 Vasco da Gama anatokea na 1505 Wareno wanaipiga Kilwa na Mombasa mwaka mmoja. Kwenye vitabu vyao Kilwa ni Quiloa, Malindi ni Melinde, Barawa ni Brava. Sasa mimi nataka nikishindwa vita ile nione Quiloa kwenye ramani yangu, iniume, nijue pale kakaa nani, na nikiirudisha isome Kilwa tena. Ramani ya Kiingereza itakuwa imeandika Kilwa mwanzo mpaka mwisho na hukuona chochote kimetokea.

Kuhusu Mombasa, kuna watu watasema iandikwe Mvita. Mvita ni jina letu, malenga Muyaka ametunga kwa hilo, na hata leo ukilisema Mji wa Kale unaeleweka. Ila Ibn Battuta pia kaandika Mombasa, kwa hiyo nalo ni la kale. Mimi ningeweka Mvita ikiwa mtawala ni Mswahili na Mombasa kwa wengine wote.

bint_mkunazini
Hapo kapteni umenifungulia njia ya nne ambayo hamjaitaja. Mimi nikicheza Kilwa au Pate, kwa nini miji ya WENGINE niisome kwa Kiingereza? Watu wetu walisafiri na dau na jahazi huko kote na wakaipa majina: Maskati sio Muscat, Bombei, Maka, Madina, Iskandaria. Wakristo nao wana Yerusalemu, Dameski, Korintho, Efeso, yote yamo kwenye Biblia ya Kiswahili na kila mtu kayasikia. Yaani tunayo ramani nzima ya dunia kwa lugha yetu na hatuitumii. Mie naona anayecheza ndiye awe mwenye macho, ramani isomeke kama ingesomeka kwa baharia wa Pate.

mwas_wa_thika
Hiyo ya bint nimeipenda kuliko zote, na inanisaidia hata mimi, kwa sababu Dameski na Iskandaria kila mtu wa kundi letu ataisema bila kugugumia. Shida yangu ilikuwa kutamka na jina kuhamahama. Mkiwa wote mnaongea Kiswahili basi Kiswahili ndicho kiwe lile jina moja. Lakini kukiwa na Mfini mmoja kwenye gemu narudi Kiingereza, hapo sibanduki.

fundi_modi
Wadau kwa anayetaka kufanya sio kazi ngumu. Civ VI majina yako kwenye jedwali la CityNames, unaandika mistari yako ya XML au SQL, taifa na jina la mji, basi. EU4 ndani ya folda ya common kuna province_names, faili linaitwa kwa jina la utamaduni au alama ya nchi, ndani ni namba ya provinsi na jina lake, na utamaduni wa Waswahili upo tayari kwenye gemu. Mkicheza wengi wote muwe na modi ileile, maana folda ya common inahesabiwa kwenye checksum (namba inayohakiki kwamba faili zenu zinafanana) na mkitofautiana hamuingii pamoja. Ukigusa faili za localisation (za maandishi ya gemu) zihifadhi kama UTF-8 yenye BOM, bila hivyo hazisomeki. Kiswahili hakina alama juu ya herufi kwa hiyo fonti haitasumbua, tofauti na wanaohangaika na Kipolandi.

RamaniKwanza
Mkuu fundi_modi shukrani sana, na bint umenihamisha kabisa. Mimi nikicheza peke yangu nabaki na yanayobadilika, ila nikiwa Kilwa au Pate naenda na ya bint. Naanza faili la EU4 usiku huu: Mvita, Unguja, Amu, Barawa, Sofala, Maskati, Bombei. Kapteni nisaidie visiwa vya Komoro, na mtu wa Bajuni akiwepo aseme kule kaskazini ya Pate.

kapteni_kilindini
Ngazidja, Nzuani, Mwali, Maore. Usiweke Grande Comore mpaka Mfaransa aje.

bint_mkunazini
Na Hijazi usisahau Jidda. Unguja iandike kwenye provinsi ya kisiwa, mji uache Zanzibar.