Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi 2003: uwezo au tulibebwa?

Mkazi wa Ngara: Tusidanganyane. New Zealand walikataa kuja Nairobi wakihofia usalama, tukapewa ushindi wa bure. Hiyo ni bahati. Tena huu ni mchezo wa Wahindi, Mkenya wa kawaida hajui hata wiketi ni nini.

Jaluo Asilia: Mchezo wa nani? Nahodha Steve Tikolo ni Mhindi? Collins Obuya aliyewavunja Sri Lanka pale uwanja wa Gymkhana, Nairobi, wiketi 5 (yaani aliwatoa wapigaji watano) kwa mikimbio, yaani alama, 24 tu, ni Mhindi? Na nduguze wawili walikuwa kikosini. Heshimu watu, bwana.

Binti Kibokoni: Mnaniudhi nyote wawili. Kwani Mhindi akicheza si Mkenya? Aasif Karim ni mtoto wa Mombasa. Alikuwa nahodha 1999, akastaafu, akarejea 2003. Kule Durban aliwapa Australia mikimbio 7 tu katika ova nane na ushei (ova moja ni mipira sita), akachukua wiketi 3, nahodha wao Ponting akiwemo. Hao ndio waliotwaa kombe bila kufungwa hata mechi moja!

Mkazi wa Ngara: Na mechi hiyo nani alishinda?

Binti Kibokoni: Wao. Nilichouliza ni kuhusu Wahindi, hujajibu.

Hesabu Kwanza: Jamani, ushindi kwenye makundi ulikuwa pointi 4. Tulimaliza na 16. Toa zile za New Zealand, tunabaki na 12. West Indies na Afrika Kusini walikuwa na 14 kila mmoja. Tusingevuka.

Jaluo Asilia: Hesabu zako ngoja. Dada, mimi sikusema Mhindi si Mkenya. Nilimjibu huyo wa Ngara kwa lugha yake. Usinibebeshe maneno.

Binti Kibokoni: Uliuliza "ni Mhindi?" kana kwamba ni tusi. Rudi usome.

Mzee wa Pune: Nyinyi wadogo mnaanza kuhesabu 2003. Mwaka 1996 kule Pune, India, tuliwashinda West Indies, wale wa mpigaji nyota Lara, tukawatoa wote wakiwa na mikimbio 93 tu. Mwaka 1998 tukawafunga India kwao, Gwalior. Bahati gani inadumu miaka saba? Na 2003 hiyo hiyo Zimbabwe tuliwashinda kwa wiketi 7 (tukiwa bado na wiketi saba mkononi) uwanjani, hakuna aliyesusia. Aibu ni yaliyofuata: wachezaji kugombania malipo na viongozi, hadi 2014 tukapoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja.

Mkazi wa Ngara: Sawa mzee, tuseme ni uwezo. Ulikwenda wapi? Uwezo wa kweli una mizizi. Huu haukuwa nayo kwa sababu watoto wetu hawauchezi.

Binti Kibokoni: "Wetu" tena! Watoto wa nani hao?

Mkazi wa Ngara: Wa shule za serikali, dada. Nitajie moja mtaani kwako yenye uwanja wa kriketi.

Jaluo Asilia: Nitajie wewe moja ya Ngara yenye uwanja wa mpira ambao haujanyakuliwa.