Re: Kujiandikisha kura bado "inasubiri", I-130 ya mume, na nani atashinda Novemba 5?

Mama Neema (Pennsylvania), Alhamisi 10 Oktoba 2024

Habari zenu ndugu zangu, naombeni msaada. Nimeapa mwezi uliopita na cheti cha uraia, N-550, ninacho. Siku ileile ya kiapo kulikuwa na akina mama wameweka meza pale mlangoni wanaandikisha wapiga kura, nikajaza fomu. Mpaka leo nikiangalia onlaini inasema inasubiri tu. Nimepiga simu kaunti, yule dada ananiambia jina halilingani na la sosho (Social Security), huku jina la baba liko mwisho na kule liko katikati, basi akakata. Mwisho wa kujiandikisha huku ni tarehe 21 mwezi huu, niende wapi sasa?

La pili ndilo linaninyima usingizi. Mume wangu yuko Tanga, I-130 yake, lile ombi la kumleta huku, niliifungua nikiwa bado na grini kadi, sasa naambiwa inapanda daraja kwa vile nimekuwa raia. Nikimbizane nayo sasa hivi au nisubiri kwanza nijue nani anaingia Ikulu ya Marekani? Mwenye kujua nani atashinda aniambie asinifiche, nipange mambo yangu.

Baba Imani (Columbus), Alhamisi 10 Oktoba

Hongera sana dada kwa kiapo. Mimi N-400 yangu, fomu ya kuomba uraia, ilikaa muda mrefu mno, hata alama za vidole niliitwa mara mbili, na yale maswali 100 nilikuwa nayasikiliza kwenye gari asubuhi na jioni, mwishowe wakaniuliza sita tu maana nilipata yote sita mfululizo wakasimama. Kwa hiyo usikate tamaa na maofisi ya huku.

Kuhusu nani atashinda, Kamala Harris. Anaongoza nchi nzima kwenye kura za maoni, mwenye kura nyingi ndiye mshindi, hesabu ni hiyo tu.

Mzee wa Lowell, Ijumaa 11 Oktoba

Baba Imani, tafadhali usipotoshe watu. Wewe ni raia wa nchi hii na hujui rais anachaguliwaje? Hillary Clinton 2016 alimshinda Trump kwa kura karibu milioni 2.9 na hakuapishwa. Al Gore 2000 alikuwa mbele kwa zaidi ya nusu milioni, Florida ikampotea kwa kura 537, kesi ikaisha Mahakama ya Juu mwezi wa Desemba. Kinachohesabiwa ni wajumbe 538 wa majimbo ambao ndio wanaomchagua rais, na kushinda ni 270.

Fanyeni hesabu hivi. Majimbo ambayo yanajulikana yataenda wapi yaweke pembeni. Harris anabaki na 226, Trump 219. Yanayogombaniwa ni saba: Pennsylvania 19, North Carolina 16, Georgia 16, Michigan 15, Arizona 11, Wisconsin 10, Nevada 6. Harris akichukua Pennsylvania, Michigan na Wisconsin tu, anafika 270 kamili, hata mmoja wa ziada hana. Na ndani ya ile 226 kuna mjumbe mmoja wa Omaha, maana Nebraska na Maine wao hugawa wajumbe wao kwa wilaya. Mwezi uliopita kuna watu walitaka kuibadilisha hiyo sheria ya Nebraska ikashindikana. Ukimtoa huyo mmoja wa Omaha mnabaki 269 kwa 269, na hapo Baraza la Wawakilishi ndilo linachagua rais, kila jimbo kura moja, California sawa na Wyoming.

Kwa hiyo Mama Neema jimbo lako ndilo zito kuliko yote. Kura yako ina uzito kuliko yangu mara nyingi sana, mimi huku Massachusetts nani hajui itakwenda wapi.

Dada Rehema (Houston), Ijumaa 11 Oktoba

Nimesikia kwamba hata mwenye grini kadi anaweza kupiga kura za mtaani kwake, ni kweli? Huku kujiandikisha kumefungwa tarehe 7 lakini mdogo wangu anauliza.

Baba Imani (Columbus), Ijumaa 11 Oktoba

Rehema HAPANA. Mwambie mdogo wako asiguse hiyo fomu kabisa. Kuna vijiji na miji michache inaruhusu kura zao za ndani lakini za rais na bunge ni kosa la jinai na unaweza kurudishwa nyumbani. Kijana mmoja hapa kwetu alikwenda kuchukua leseni ya gari, yule wa dirishani anamuuliza haraka haraka mchango wa viungo ndiyo au hapana, kuandikishwa kura ndiyo au hapana, yeye Kiingereza bado hakijakaa akaitikia ndiyo ndiyo. Kadi ya mpiga kura ikamfikia kwa posta. Hakupiga kura hata siku moja. Alipofungua N-400 kuna swali pale linauliza umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na faili lake mpaka leo liko kwa wakili. Kwa hiyo watu wawe makini kwenye yale madirisha, kama huelewi swali sema huelewi.

Na Mzee wa Lowell, kuhusu wajumbe najua vizuri, nilikuwa nafupisha. Yule profesa Lichtman anayetabiri uchaguzi kwa maswali 13 anayoyaita funguo ameshamtaja Harris tangu Septemba na yeye huwa anapatia.

Mzee wa Lowell, Jumamosi 12 Oktoba

2000 alimtaja Gore. Watu wanabishana naye mpaka leo kama hiyo ni kupatia.

Sisi Wakenya tumeshaona haya mambo ya utabiri. 2022 karibu kura za maoni zote zilimweka Raila mbele, tukalala tukijua ni Baba, siku zikapita tukiwa na simu mkononi tunajumlisha zile fomu 34A za matokeo ya kila kituo moja moja kwenye tovuti ya tume, na Ruto akatangazwa kwa asilimia 50.49. Huku nako Wisconsin 2020 wastani wa kura za maoni ulimpa Biden pointi 8 hivi, akashinda kwa chini ya moja. Sasa hivi majimbo yote saba tofauti ni pointi moja mbili, na makosa ya kawaida ya hizo kura za maoni ni makubwa kuliko hiyo tofauti yenyewe. Anayekuambia anajua, anakuambia anachotamani. Yote saba yanaweza kuangukia upande mmoja, maana kura za maoni zikikosea jimbo moja huwa zimekosea na majirani zake kwa namna ileile.

Mama Neema (Pennsylvania), Jumamosi 12 Oktoba

Asanteni, nimejifunza. Ila bado sijajua ofisi gani niende Jumatatu.

Shangazi Mwanaisha (Minneapolis), Jumatatu 14 Oktoba

Mwanangu Jumatatu ni leo na ofisi za serikali kuu zimefungwa, ni sikukuu yao ya Columbus. Kesho beba cheti chako halisi, siyo kopi, nenda sosho wabadilishe rekodi yako isome raia na majina yafuatane kama yalivyo kwenye cheti. Wengi wanaapa wanarudi nyumbani wanadhani serikali yote imeshajua. Usitegemee ofisi moja imwambie mwenzake.

Leo pia ni miaka 25 tangu Mwalimu atutoke. Nilikuwa Dar wakati ule, mji mzima kimya, redio inapiga nyimbo za maombolezo kutwa. Na huko nyumbani wiki hii wanajiandikisha kwa serikali za mitaa, uchaguzi Novemba 27, mdogo wangu kanipigia kutoka Morogoro yuko foleni, na mimi sina haki hiyo tena kwa sababu nilishika mkono juu hapa nikala kiapo. Mkenya anaapa na pasipoti yake inabaki, katiba yao ya 2010 imewaruhusu. Sisi Watanzania tunaambiwa hadhi maalumu ya walioko nje inakuja, inakuja. Nikienda kumzika mama yangu napanga mstari wa wageni na kulipia viza. Hili linaniuma kuliko Trump na Harris wote wawili.

Baba Imani (Columbus), Jumatatu 14 Oktoba

Shangazi hapo umegusa kidonda. Ila usiseme nani akishinda ni sawa tu. Januari 2020 Trump aliiweka Tanzania kwenye orodha ya marufuku, siyo viza zote, ile ya bahati nasibu ya grini kadi, DV. Watu walikuwa wameshashinda. Biden kaifuta siku yake ya kwanza, Januari 20, 2021, lakini mwaka wa DV ukiisha Septemba umeisha.

Shangazi Mwanaisha (Minneapolis), Jumatatu 14 Oktoba

Sijasema ni sawa. Soma tena nilichoandika.

Papa Espoir (Grand Rapids), Jumatano 16 Oktoba

Jambo bote. Sisi Wakongomani huku Michigan hatuna haja ya kuambiwa tofauti. Mwaka wa mwisho Trump aliweka kikomo cha wakimbizi 15,000 kwa dunia nzima, chini ya Biden mwaka uliokwisha Septemba wameingia zaidi ya 100,000 na sisi wa Congo ndio wengi. Dada yangu mkubwa yuko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na watoto, ameshapita intavyu, ameshapimwa afya, anangojea ndege. Sasa muelewe kwa nini mimi siwezi kuangalia hizo asilimia kama mpira.

2016 Michigan ilikwenda kwa kura 10,704. Hiyo ni makanisa yetu machache tu ukiyajumlisha. Na wengi wetu tuliofika kama wakimbizi ile miaka mitano ya kungojea uraia inahesabiwa tangu siku ya kutua, siyo siku ya grini kadi, kwa hiyo wako watu wanaofaa kuomba uraia na hawajui.

Mzee wa Lowell, Jumatano 16 Oktoba

Papa Espoir Mungu amsaidie dada yako, amefika mbali.

Niongeze jambo moja: msitegemee kujua usiku wa tarehe 5. Pennsylvania na Wisconsin sheria haiwaruhusu kufungua bahasha za posta mpaka asubuhi ya siku yenyewe. 2020 watu walipiga Jumanne, Biden akatangazwa Jumamosi, na katikati pale Trump alikuwa anaonekana anaongoza sana Pennsylvania kabla Philadelphia haijamaliza. Mtu asianze kutuma meseji za wizi saa nne usiku.

Dada Rehema (Houston), Alhamisi 17 Oktoba

Huku wanasema Trump, kazini kwangu kote. Bei ya mayai na kodi ya nyumba ndiyo wanayoizungumza, hakuna anayetaja wajumbe.

Papa Espoir (Grand Rapids), Ijumaa 18 Oktoba

Kwa wa Michigan: kura za mapema zinaanza Jumamosi ya tarehe 26 jimbo lote, na kama hujajiandikisha bado unaweza, hata siku yenyewe ya uchaguzi, kwenye ofisi ya karani wa mji wako, ubebe kitu kinachoonyesha anwani. Mimi na vijana wawili tutakuwa na gari baada ya ibada, mama wenye watoto wadogo watangulie kuniandikia.