Tupeane uzoefu: mikeka ya kunakiliana kwenye programu za kubeti

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, salaam. Siku hizi baadhi ya programu za kubeti zinakuonyesha mikeka ya wenzako (yaani mechi kadhaa walizozibashiri kwa dau moja, ambazo ni lazima wazipatie zote ili washinde), zinapanga wabashiri bora wa wiki na zinakuruhusu kunakili mkeka wa mtu kwa kugusa mara moja. Kwenye Aviator, mchezo wa kubeti wa kindege kinachopaa uliotoka 2019, madau ya wachezaji wengine yanapita mbele ya macho yako huku watu wakipiga soga pembeni. Naomba tueleze yaliyotufika, sisi wenye miaka 18 na zaidi ambao sheria inaturuhusu. Kinachonisumbua mimi ni orodha za mabingwa. Watu 1,000 wakibashiri mechi 5 zenye nafasi ya nusu kwa nusu, takriban 31 watapatia zote hata kama hawajui lolote kuhusu mpira, na hao ndio tunaoletewa tuwafuate.

Mchangiaji wa Tandahimba: Mimi ni wakala wa fedha za simu. Msimu wa korosho, malipo ya mnada yakishawafikia wakulima, wapo vijana wanaotoa sehemu ya fedha kwa matumizi ya nyumbani na nyingine kuihamishia palepale kwenye kubeti. Zamani kila mmoja alishikilia timu yake. Sasa namba ya mkeka mmoja inatumwa kwenye kundi la WhatsApp na kijiwe kizima cha bodaboda kinaucheza, kwa hiyo timu moja ikiteleza, mkeka unachanika kwa wote jioni ileile. Hapo ndipo penye madhara ambayo sijasikia yakizungumzwa: aliyepoteza zamani alikopa fedha ya mafuta kwa mwenzake, lakini wote wakipoteza kwa pamoja hakuna wa kumkopa, na asubuhi wananijia mimi.

Mchangiaji wa Ruangwa: Sisi tunabashiri matokeo ya Namungo, timu yetu ya mpira, bila dau lolote, na ubishi ni uleule.

Mchangiaji wa Mikindani: Kundi letu liliweka sharti kwamba anayetuma mkeka ulioshinda aambatanishe historia yote ya akaunti yake ya mwezi huo, madau na marejesho. Mtu aliyekuwa akituuzia mikeka kwa ada aliondoka bila kuaga. Hesabu yenyewe haifichiki: kampuni ikijibakizia asilimia 5 katika kila mechi, mkeka wa mechi 10 hurudisha kwa wastani kama shilingi 600 kwa kila 1,000, awe ameutunga bingwa au mgeni.

Mwanzisha mada: Sharti hilo la Mikindani ndilo ningependa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliweke kwa kampuni inazozipa leseni, yaani ukurasa wowote unaotangaza ushindi wa mtu uonyeshe pia jumla ya alichopoteza, na kushirikishana mikeka kubaki kumezimwa mpaka mwenye akaunti akuwashe mwenyewe. Ndugu yangu wa Tandahimba, vijana wa kijiweni wamefanyaje?

Mchangiaji wa Tandahimba: Wachache wamejitoa kwenye kundi la mikeka na kuanzisha mchango wa mafuta, ambao mweka hazina wao habeti kabisa. Wengine bado wanasubiri namba kila Jumamosi.