Naomba ushauri: kutafuta bakteria wanaokula atrazini kwenye udongo wa mahindi, Mbozi

Wakuu, salaam. Udongo unatoka mashamba ya Mbozi yanayopigwa atrazini, dawa ya kuua magugu, kila msimu. Lengo ni kujua kama bakteria wa humo wameshajifunza kuivunja, maana ikivunjwa mapema magugu hurudi kabla mahindi hayajafunika shamba.

Inawezekana kabisa. Dawa hii iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1995 iliripotiwa bakteria Pseudomonas ADP ya Marekani inayoivunja yote. Kimeng'enya chake cha kwanza, AtzA, kinachoondoa klorini, kinatofautiana na kile cha kuvunja melamini kwa asidi amino 9 tu kati ya 475! Jeni zake zimekaa kwenye plasmidi (kipande cha DNA kinachoweza kuhama), hivyo bakteria hupeana.

Sahani za agari (jeli ya kukuzia bakteria) zina atrazini miligramu 500 kwa lita, ambayo haiyeyuki yote, kwa hiyo ni nyeupe na hazipitishi mwanga vizuri. Kaboni ni sodiamu sitreti gramu 1 kwa lita. Naitrojeni ni atrazini peke yake. Anayeivunja huacha duara angavu kumzunguka.

Tatizo: makoloni (vikundi vya bakteria vilivyoota) ni mengi, maduara hakuna. Nashuku agari yenyewe ina naitrojeni, wanajilia hiyo. Je, kuiosha mara kadhaa kwa maji yaliyochujwa madini kunatosha, au ni lazima agarosi (agari iliyosafishwa zaidi), ingawa ni ghali?

La pili: sampuli zilichukuliwa baada ya urea ya kukuzia. Naitrojeni rahisi huzubaisha uvunjaji huu. Nirudie kuchukua kabla ya mbolea?