Zermatt, Wengen au Werfenweng? Alps bila gari

Baharia_Stuttgart: Wakuu, Agosti nina siku tano, mke na watoto wawili (miaka 7 na 10). Tunaenda Alps na safari hii gari linabaki nyumbani. Mwaka jana likizo iliishia kwenye foleni ya handaki la Gotthard. Nimebakiza vijiji vitatu: Zermatt na Wengen huko Uswisi, au Werfenweng, Austria. Mfuko si mnene.

Mmarangu: Zermatt, mkuu. Magari ya petroli hayaingii, mitaani ni viteksi vya umeme tu. Halafu panda treni ya Gornergrat hadi mita 3,089. Ilianza 1898, na tangu siku hiyo ni ya umeme. Ikishuka, breki zinazalisha umeme unaorudi kwenye waya kusaidia treni zinazopanda. Mimi Mchaga, nimekulia chini ya mlima wa mita 5,895, lakini mlima Matterhorn wa hapo Zermatt, alfajiri, ulininyamazisha.

Dada_wa_Bern: Bei mbona huitaji? Na huo usafi una siri yake: wengi wanaendesha hadi Täsch, kilomita tano chini, wanaegesha hapo, ndipo wanapanda treni ya dakika 12. Moshi wamewaachia majirani.

Kwa watoto, Wengen. Unashuka Lauterbrunnen, maporomoko ya Staubbach (karibu mita 300) yanakutazama, unahamia treni ya reli yenye meno, inayong'ang'ania mlima isiteleze. Barabara ya gari ya kufika kijijini haipo kabisa. Nunua kadi ya nusu nauli na uombe kadi ya familia, ni bure: watoto chini ya miaka 16 wakiwa na mzazi hawalipi kwenye treni na mabasi mengi.

Mmarangu: Lauterbrunnen Agosti? Kariakoo mkesha wa Idi!

Dada_wa_Bern: Ndiyo maana unalala juu, Wengen. Jioni wageni wa kutwa wameshashuka, unasikia kengele za ng'ombe tu.

Kijana_wa_Graz: Mtu kasema mfuko si mnene, nyie mnamtajia Uswisi! Werfenweng wana mpango wao: ukija kwa treni, au ukikabidhi ufunguo wa gari, unapata kadi ya kutumia baiskeli, magari ya umeme na usafiri wa kijijini. Uliza kwanza, si nyumba zote za wageni zimo. Treni unashukia Bischofshofen. Milima ni ya wastani, haifiki mita 2,500, lakini jirani pale Werfen kuna pango la barafu la Eisriesenwelt, urefu kilomita 42, kubwa kuliko mapango yote ya barafu duniani. Wageni wanaingia kilomita ya kwanza tu. Ngazi 700 kupanda, 700 kushuka, na baridi ya friji.

Baharia_Stuttgart: Na njia za miguu? Watoto wana raba za shule.

Dada_wa_Bern: Vibao vya njano vinaandika saa za kutembea bila mapumziko, kwa hiyo wewe ongeza nusu yake. Ukiona alama nyeupe-nyekundu-nyeupe, hiyo ni njia ya mlima, raba ziache.

Baharia_Stuttgart: Mama watoto anataka pango, watoto wanataka treni ya meno. Mimi nimepiga kura na wadogo: Wengen, pango mwakani. Dada, kadi ya familia naipata dirishani?

Dada_wa_Bern: Itaje hapo hapo ukinunua nusu nauli. Na masweta, shemeji, hata kama ni Agosti.